Kompyuta ikigoma kuwaka, leseni ya Windows haijapotea
Aliyeko Bweni, kaskazini mwa Mafia, akiambiwa na fundi anunue leseni mpya kwa kuwa kompyuta imegoma kuwaka, aulize kwanza kilichokufa ni nini. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zinazouzwa na Windows ndani huwa na ufunguo wa leseni kwenye chipu ya ubao mama. Diski ikifa, ufunguo unabaki, na toleo lilelile likisakinishwa upya huusoma lenyewe. Za zamani zina stika ya herufi na tarakimu 25, ambayo, bahati mbaya, hufutika kwa kusuguliwa. Fundi atasema ubao wenyewe umeungua. Sawa, diski nzima huunganishwa kwenye kompyuta nyingine, ufunguo ukatafutwa kwenye faili za mfumo. Lakini leseni iliyokuja na mashine kwa kawaida hairuhusiwi kuhamishwa, hivyo jasho hilo linalipa zaidi kwa leseni iliyonunuliwa dukani peke yake.