Mama yake eko wapi? Swali la kuuliza mbele ya kuchukua mtoto wa mbwa

Mtu ana duka lake karibu na bandari ya Kalundu, Uvira. Wezi wamemsumbua, sasa anatafuta mbwa wa kulinda. Kule Misisi ao Kamituga, PDG wa shimo anatafuta vilevile mbwa wa kulala karibu na mifuko yake ya mawe. Wote wawili wanauliza maswali yale yale: “Iko bei gani? Ni kali?” Wakijibiwa vizuri wanatoa faranga, mtoto wa mbwa anatiwa ndani ya kikapo, na safari inaanza.

Kuna swali la tatu ambalo watu wengi hawaliulizi: “Mama yake eko wapi?” Ndugu msomaji, swali hilo ni dogo, lakini linaweza kuokoa mbwa wengi, na linaweza kuokoa hata mtoto wako.

KIWANDA CHA WATOTO WA MBWA

Katika nchi kama Marekani na Uingereza, mbwa ni biashara kubwa. Watu wanataka mbwa wa aina fulani, mwenye manyoya mazuri, na wanamtaka leo. Kwa hiyo wafanyabiashara wengine wamejenga mabanda ambayo watu wa huko wenyewe wanayaita viwanda vya watoto wa mbwa. Ndani kuna vizimba mstari kwa mstari, pengine kimoja juu ya kingine. Chini ni waya tupu, miguu inapata vidonda. Mbwa jike anakaa humo miaka yote. Hatembei, hachezi, hajui majani wala jua.

Mbwa jike anabeba mimba karibu siku 63. Watoto wanazaliwa wakiwa wamefunga macho, wanayafungua kiisha wiki 2 hivi, na wanahitaji kukaa na mama yao mpaka wiki 8. Mfugaji mwenye huruma anamwacha mama apumzike mbele ya kuzaa tena. Katika kiwanda hakuna kupumzika. Kila mara anapokuwa tayari, anapandishwa tena. Siku anaposhindwa kuzaa anahesabiwa kuwa hasara, anatupwa ao anauawa.

Mnunuzi haoni hayo yote. Yeye anaona mtoto mzuri dukani, amesafishwa, anatikisa mkia. Ndiyo maana muuzaji wa namna hiyo anaogopa sana swali la mama.

LUCY ALIYEBADILISHA SHERIA

Mwaka 2013, huko Wales, mbwa jike mmoja aliokolewa kutoka shamba la kuzalisha mbwa. Walimwita Lucy. Mgongo wake ulikuwa umepinda na manyoya yalikuwa yametoka sehemu nyingi, sababu ya kuishi miaka mingi ndani ya kizimba kidogo na kuzalishwa bila kuacha. Mwanamke mmoja alimchukua nyumbani akamtunza mpaka alipokufa mwisho wa mwaka 2016.

Munganga wa nyama Marc Abraham na wenzake walichukua jina la Lucy wakaomba serikali itunge sheria. Walishinda. Tangu Aprili 2020, katika Uingereza mtu haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa asiyefikisha miezi 6 kama si yeye mwenyewe aliyemzalisha. Na mwenye kuuza lazima amwonyeshe mnunuzi yule mtoto pamoja na mama yake, pale alipozaliwa. Basi munaona: swali letu limekuwa sheria.

Ufaransa nayo ilipitisha sheria Novemba 2021. Tangu tarehe 1 Januari 2024 maduka ya wanyama hayauzi tena mbwa wala paka. Tena mtu anayetaka mbwa kwa mara ya kwanza anatia sahihi karatasi ya kukubali kazi hiyo, kisha anangoja siku 7 mbele ya kumpeleka nyumbani. Siku 7 za kufikiri. Ni mbwa wangapi wasingetupwa kama kila mtu angefikiri siku 7!

“LAKINI KWETU HAKUNA VIWANDA”

Wengine watasema: “Sisi tuko Uvira, imbwa yetu inazalia nyuma ya jikoni. Hayo ni mambo ya Wazungu.” Kweli, hapa mbwa wengi wanazaliwa nyumbani. Lakini mzizi wa kiwanda si waya wala saruji. Mzizi ni kumhesabu mama kuwa mashine ya faranga, na huo unaweza kuota popote. Mwenye jike mmoja wa aina ya kigeni anaweza kumzalisha kila mara bila pumziko, na kuuza watoto wakiwa na wiki 4 ili wasimalize bugali yake. Hana kizimba hata kimoja, lakini kazi yake ni ile ile.

Na hasara inafika kwa mnunuzi. Mtoto aliyeachishwa maziwa mapema ana nguvu kidogo. Ugonjwa wa parvo, ule wa kutapika na kuhara damu, unaweza kumwua kwa siku chache. Tena kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, mtoto wa mbwa anajifunza dunia: sauti za watu, watoto, kuku, pikipiki. Akifungiwa peke yake gizani wakati huo, anakua mwoga. Watu wanasema: “Ni mukali, ni muzuri kwa kulinda.” Hapana. Mbwa mwoga hachagui mwizi. Anamwuma hata mtoto wa nyumba.

WALIOACHWA

Katika kambi za zahabu faranga zinaingia haraka na kutoka haraka. Shimo likitoa, mtu ananunua mbwa. Shimo likikauka, anahamia kambi nyingine, na mbwa anabaki kuzunguka vibandani akitafuta mabaki.

Sisi wa kando ya Tanganyika tunajua sababu zingine. Aprili 2020 mto Mulongwe ulijaa ukabeba nyumba nyingi za Uvira. Desemba 2025 vita vilifika mjini, na watu kwa makumi ya maelfu wakavuka kwenda Burundi. Anayekimbia anabeba mtoto mgongoni na mfuko kichwani. Hatumlaumu. Lakini mbwa aliyebaki lupangoni naye anangoja mtu wake, na kisha anaingia njiani.

Kwa hiyo, mbele ya kununua mtoto wa mbwa, angalia kwanza kama hakuna mbwa aliye tayari duniani, ambaye anakosa nyumba tu. Bukavu kuna shirika, Sauvons Nos Animaux, lililoanzishwa kwa kazi hiyo ya kuokoa wanyama na kuwatafutia familia.

GULU: MBWA WA NJIANI ANAPONYA MTU

Jirani zetu wa Uganda wametupa mfano mzuri. Francis Okello Oloya alikuwa na miaka 12 mwaka 2003. Alikuwa analima shamba la wazazi wake kaskazini mwa Uganda, jembe likagonga bomu lililozikwa, akapoteza macho. Alipelekwa kusoma Gulu. Usiku, alipotaka kwenda chooni, mbwa wa shule walizoea kumsindikiza.

Alipokuwa mtu mzima, akiwa amesoma mambo ya roho na akili za watu, alianza pamoja na shirika The Big Fix Uganda mpango wa kuunganisha mbwa na watu walioumizwa na vita. Mbwa wasio na mwenyewe wanatibiwa, wanapewa chanjo, wanafungwa kizazi. Kisha kila mmoja anapewa mtu mmoja, mara nyingi mtu asiyelala usiku sababu ya yale aliyoyaona, na wote wawili wanafundishwa pamoja wiki nyingi. Mbwa anapata nyumba, na mtu anapata mwenzake anayemwamsha katika ndoto mbaya. Ni familia ngapi za Uvira, Fizi na Baraka zinajua ndoto za namna hiyo?

USIMZARAU MBWA WA KIJIJI

“Lakini ule wa njiani si wa aina,” wengine wanasema. Sikilizeni habari hii. Mbwa wa Kongo, yule asiyebweka ambaye wawindaji wetu wanamfunga kengele shingoni, anajulikana Ulaya kwa jina la basenji. Walimwonyesha London mwaka 1937. Lakini waliochukuliwa kwetu walikuwa wachache, na wafugaji wa huko wakazalisha ndugu na ndugu. Magonjwa yakaingia katika damu, hasa ugonjwa wa figo. Wakafanya nini? Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walikuja mpaka Zaire, wakaingia vijijini kutafuta mbwa wapya wa kusafisha ukoo ule. Mwaka 1990 chama chao kikubwa cha mbwa kikawaandika katika kitabu chake. Yule tunayemtupia mawe, wengine walivuka bahari kumtafuta!

NAMNA YA KUMCHUKUA

1. Uliza kwanza majirani. Pengine ana mwenyewe, amepotea tu.

2. Usimkamate kwa nguvu. Weka maji na chakula, bugali na vichwa vya ndagala vinatosha, mahali pale pale na saa ile ile kila siku. Ngoja yeye akukaribie. Aliyepigwa ao kufungiwa anaweza kuogopa mkono, mlango, hata kamba. Wengine wanahitaji miezi. Mbwa mwingine mpole katika lupango anasaidia sana.

3. Mpeleke kwa munganga wa nyama apate chanjo ya raje, ndiyo kichaa cha mbwa. Mtoto wa mbwa anaweza kuipata tangu miezi 3. Chunga karatasi yake kama unavyochunga karatasi za watoto.

4. Kama ni jike, uliza juu ya kufunga kizazi. Kama haiwezekani, mfungie ndani siku anapotaka dume.

5. Wafundishe watoto: hatugusi mbwa anayekula, anayelala, ao anayenyonyesha.

AKIUMA MTU

Hapa hakuna mchezo. Shirika la Afya la Dunia linakadiria kwamba raje inaua watu karibu 59.000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameipata kwa mbwa. Dalili zikianza kuonekana, karibu hakuna anayepona. Lakini mbele ya dalili, ugonjwa huu unazuilika.

Osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Usitie pilipili wala majani, wala usitegemee jiwe jeusi. Kimbia kituo cha afya siku ile ile uombe chanjo, na uimalize yote. Kama mbwa anaweza kufungwa bila hatari, mumfunge na kumwangalia siku 10. Lakini mgonjwa asingoje siku hizo.

Kuua mbwa wote wa kartie hakumalizi raje, maana wengine wapya wanaingia. Kinachoimaliza ni chanjo: mbwa 70 kwa 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

– Mbwa wetu alitoka wapi? Tulimwona mama yake?
– Jike wetu amezaa mara ngapi, na watoto wake wako wapi leo?
– Tukihama kambi, ao tukilazimishwa kukimbia, nani atamchunga?

Baba, mama, kijana wa shimoni: siku mtu atakapokuletea mtoto wa mbwa ndani ya kikapo, usianze na bei. Mwambie: “Twende kwanza unionyeshe mama yake.” Akikubali, nenda ukaangalie kama yule mama ananenepa, anatikisa mkia, anapumzika. Akikataa, rudisha faranga mfukoni. Muuzaji atakapokosa wanunuzi, yule mama asiyeonekana atapata siku yake ya kupumzika.