Je, Wajua? Venezia, Mji Uliosimama Juu ya Matope

Wasomaji wengi wa Kiswahili waliujua mji huu kwa mara ya kwanza darasani. Mwaka 1969 ilichapishwa *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, na jina la Rialto likazoeleka kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Ulaya. Rialto ipo kweli. Ni daraja na ni soko, na asubuhi, kuanzia Jumanne hadi Jumamosi, samaki bado wanauzwa pale. Kwa anayepanga kwenda kuiona, au anayependa tu kujua, haya hapa machache.

Je, wajua kwamba mji mzima umebebwa na magogo?

Venezia imejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100 vilivyo ndani ya wangwa, na ardhi ya hapo ni tope laini lisiloweza kuhimili hata ukuta wa chumba kimoja. Wajenzi wa kale walipigilia maelfu kwa maelfu ya magogo, yakiwa yamebanana, ndani ya tope hilo. Juu yake wakatandika mbao nene, kisha mawe meupe ya Istria yasiyopitisha chumvi kwa urahisi, ndipo wakaanza kupandisha kuta za matofali. Daraja la Rialto, lililojengwa kati ya 1588 na 1591 chini ya fundi Antonio da Ponte, linasemekana kukalia magogo 12,000 hivi. Kanisa la Santa Maria della Salute, lililotokana na nadhiri ya wakati wa tauni ya 1630, linahesabiwa kuwa na zaidi ya milioni moja.

Kwa nini hayajaoza? Kuvu na wadudu wanaokula mti wanahitaji hewa, na ndani ya tope lililojaa maji hewa ni haba mno. Gogo lililozama moja kwa moja hudumu kwa karne nyingi. Hatari iko pale juu, kwenye matofali yanayolowa na kukauka kila siku, kwa sababu chumvi huyatafuna kidogo kidogo. Ukipita kwa mashua, tazama kuta zilizo karibu na maji utaona lipu imebanduka na matofali yamelika. Hayo ndiyo maradhi ya mji huu.

Je, wajua kwamba gari lako litaishia mlangoni?

Daraja la reli lilifika mwaka 1846, la magari 1933, na magari mengi huishia uwanja wa Piazzale Roma. Kuanzia hapo ni miguu au mashua, na mtu wa Lamu atajisikia nyumbani. Wagonjwa hubebwa kwa mashua, zimamoto huja kwa mashua, takataka huondolewa kwa mikokoteni na mashua, na marehemu hupelekwa kwa maji hadi San Michele, kisiwa cha makaburi.

Ukienda kwa treni, soma tiketi yako vizuri. Venezia Mestre iko bara. Kituo cha ndani ya mji ni Venezia Santa Lucia, na ukitoka mlangoni tu Mfereji Mkuu uko mbele yako. Beba begi jepesi, maana madaraja ni zaidi ya 400 na mengi yana ngazi. Tena usitegemee namba ya nyumba peke yake. Mji umegawanywa katika mitaa mikuu sita, na namba huhesabiwa kwa mtaa mzima, si kwa kichochoro. Huko Castello zinapita 6,000. Muulize mwenyeji wako jina la kichochoro na kituo cha mashua kilicho karibu.

Je, wajua kwamba gondola imepinda makusudi?

Upande wake wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia kwa sentimita 24 hivi. Mpiga kasia ni mmoja, husimama nyuma na kasia lake liko kulia, kwa hiyo chombo kilichonyooka kingezunguka tu. Upindo huo ndio unaokifanya kiende mbele. Nauli yake hupangwa na manispaa: tangu mwisho wa 2023 ni euro 90 kwa nusu saa mchana na 110 kwa dakika 35 usiku, kwa chombo kizima. Asiyetaka kulipa hizo kuna traghetto, mashua ya kuvusha watu kutoka ukingo mmoja wa Mfereji Mkuu hadi wa pili. Mgeni hulipa euro 2 tu, safari ni ya dakika chache, na waliomo wengine ni wenyeji wanaotoka sokoni.

Je, wajua jinsi walivyomchagua mtawala wao?

Watu hupanga foleni Palazzo Ducale, jumba la doge, mtawala wa Venezia, kuangalia dhahabu na michoro. Mimi naona ajabu kubwa zaidi ni kura iliyopigwa humo. Kuanzia 1268 hadi Jamhuri ilipoanguka mwaka 1797, doge alipatikana hivi: kutoka Baraza Kuu walitolewa watu 30 kwa bahati nasibu, wakapunguzwa kwa bahati nasibu hadi 9. Hao 9 walichagua 40, na 40 wakapunguzwa hadi 12. Wale 12 walichagua 25, wakapunguzwa hadi 9. Hao wakachagua 45, wakapunguzwa hadi 11. Na 11 hao wakawachagua 41, ambao ndio hatimaye waliomchagua doge, naye alihitaji kura zisizopungua 25. Mvulana mdogo ndiye aliyechota vijipira vya bahati nasibu. Mzunguko huo wote ulikuwa na lengo moja, tajiri asijue amhonge nani. Utaratibu ulidumu zaidi ya miaka 500, jambo ambalo katiba chache duniani zinaweza kujivunia.

Je, wajua kwamba Afrika iko kila mahali mjini humu?

Kanisa kuu la San Marco lilijengwa kwa ajili ya masalia ya Mtakatifu Marko, ambayo kwa mapokeo wafanyabiashara wa Venezia waliyaiba Alexandria, Misri, mwaka 828, wakayafunika kwa nyama ya nguruwe ili wakaguzi Waislamu wasipekue. Kisa hicho kimechorwa kwa vijiwe vya rangi kanisani humo humo. (Funika mabega na magoti, la sivyo utarudishwa.)

Katika Maktaba ya Marciana kuna ramani ya dunia ya mtawa Fra Mauro, ya mwaka 1450 hivi. Kusini iko juu, na Afrika imezungukwa na bahari, ingawa Mreno Vasco da Gama hakufika Mombasa na Malindi mpaka 1498. Mtawa huyo aliandika aliyoyasikia kwa mabaharia na wasafiri, na kwa hilo alikuwa mbele ya wasomi wengi wa zama zake.

Halafu kuna kisiwa cha Murano. Mwaka 1291 serikali iliwahamishia huko mafundi wa kioo kwa kuhofia moto wa matanuri yao. Karne nyingi baadaye, ushanga wa kioo wa Venezia ulishushwa Unguja kwa mapipa, ukabebwa vichwani na wapagazi hadi Tabora na Ujiji, ukatumika kununulia chakula na kulipia hongo za njiani. Kila kabila lilikuwa na rangi yake, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa uliweza kulala na njaa. Mwafrika Mashariki anayeingia Makumbusho ya Kioo ya Murano anaangalia pia historia ya kwao. Ningeanza huko kabla ya San Marco.

Je, wajua ni lini maji hupanda?

Watu wa pwani wanajua bamvua. Bamvua ya vuli au ya kipupwe ikikutana na sirocco, upepo wa kutoka kusini mashariki unaosukuma maji ya Adria hadi kichwani mwa bahari, mji hufurika. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalifika sentimita 194, na tarehe 12 Novemba 2019 yakafika 187. Tangu Oktoba 2020 kuna malango 78 ya chuma, MOSE, yanayoinuliwa kutoka chini ya maji na kuziba midomo mitatu ya wangwa kila bamvua kubwa inapotabiriwa. Tangu hapo mji umenusurika mara nyingi.

Miezi ya joto kali na umati ni Juni hadi Agosti. Aprili, mapema Mei na Oktoba hufaa zaidi. Viza ya Schengen inaweza kuombwa hadi miezi sita kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Usingoje wiki ya mwisho.

Je, wajua kwamba wenyeji wanakwisha?

Mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na wakazi 175,000 hivi. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Nyumba nyingi zimegeuzwa vyumba vya wageni, na wageni wengi hushinda saa chache, wakapiga picha na kuondoka bila kuwaachia wenyeji kitu. Ndiyo maana tarehe 25 Aprili 2024 mji ulianza kutoza euro 5 kwa wageni wa kutwa katika siku zilizotangazwa; mwaka 2025 siku hizo zikawa 54, na aliyechelewa kulipa akatozwa 10. Anayelala hotelini mjini halipi tozo hiyo, ila hujiandikisha.

Kwa hiyo ukienda, lala huko, siku mbili au tatu, katika hoteli au nyumba ya wageni iliyosajiliwa. Kula katika mitaa ya Cannaregio au Castello, mbali na uwanja mkuu. Usile ukiwa umekalia ngazi za madaraja, kuna faini. Na ukitaka ushanga, ununue Murano kwa fundi uliyemwona kwa macho yako akiuyeyusha.