Abiria wa meli ya kifahari hashuki na njaa

MWAKA 2023 niliwaponza akina mama wa watu. Ni kikundi cha wakulima wa viungo huko Unguja, wanachama kumi na wanne, ambao waliniomba ushauri kwa kuwa nimesomea uchumi wa kilimo. Walikuwa wamepata habari kwamba meli ya watalii ingefunga gati asubuhi na kuondoka jioni ile ile. Nikapiga hesabu kwa kalamu: abiria elfu moja na ushei, wakishuka nusu tu, na nusu ya hao wakila sahani moja ya pilau na kunywa dafu moja, faida yake si haba.

Akina mama wakakopa, wakanunua mchele na nyama, wakaleta madafu mia tatu. Abiria walishuka kweli. Walipiga picha za masufuria, wakanusa, wakasifu harufu, wakapita. Kilichouzwa hakikufika robo. Jioni, tukiwa tunagawa pilau kwa wapagazi na watoto wa jirani, mwenyekiti wa kikundi aliniambia, “Mwanangu, wale wametoka kwao wameshiba.”

Nilidhani ananifariji tu. Miaka miwili baadaye, Machi 2025, nilipata kulala ndani ya meli ya namna hiyo kwa siku saba, na nikafahamu kuwa mama yule alikuwa amenieleza biashara nzima kwa sentensi moja.

Nilikuwa Marekani kwa mafunzo mafupi. Dada yangu, ambaye ni muuguzi huko Florida, alikuwa ameweka akiba kwa muda mrefu ili ampeleke mumewe na watoto katika meli ya Icon of the Seas, naye akasema nafasi moja itanihusu mimi. Basi Jumamosi moja tukajikuta bandarini Miami, tukiitazama.

Ndugu msomaji, tuanze na ukubwa wake. Meli hiyo ilijengwa Turku, nchini Finland, na ilipoanza safari za abiria Januari 2024 ilikuwa kubwa kuliko meli zote za starehe duniani. Urefu wake ni mita 365; ukiunga viwanja vitatu vya mpira bado inavizidi. Ina sitaha 20, vyumba 2,805, na wafanyakazi wapatao 2,350. Vyumba vyote vikilaliwa na watu wawili wawili, abiria ni 5,610, na wakijazana familia nzima nzima wanaweza kufika 7,600. Tani zake zinazotajwa ni 248,663, lakini hizo si uzito, ni kipimo cha nafasi iliyomo ndani. Na nafasi ya ndani ndiyo shamba lenyewe. Kila mita ya mraba imepandwa kitu kinachoingiza fedha.

Chumba kisicho na dirisha

Mimi nilipangiwa chumba cha ndani, yaani kisichopakana na bahari. Ukubwa wake ni kama mita 14 na nusu za mraba, pamoja na bafu. Kuna vitanda viwili vilivyounganishwa kuwa kimoja, meza yenye kioo, televisheni ukutani, friji ndogo, na bafu la kusimama lenye mlango wa kioo. Masanduku yanaingia chini ya kitanda. Hakuna pembe iliyoachwa bure. Pale ambapo sisi tungeweka chungu cha maua wao wameweka rafu, na nyuma ya mlango kuna ndoano. Fundi seremala wa Keko angekitazama chumba kile kwa heshima.

Ukizima taa, giza lake ni la usiku wa manane hata kama nje ni saa sita mchana. Siku ya kwanza niliamka nikadhani ni alfajiri, kumbe watu wameshamaliza kifungua kinywa. Mawimbi huyasikii, na mtikisiko ni mdogo mno. Kitanda kilikuwa kizuri, na nililala kuliko nilivyowahi kulala tangu nimalize chuo.

Dada yangu na familia yake walikuwa na chumba chenye roshani inayotazama bahari. Ni kikubwa kidogo kuliko changu, lakini tofauti yenyewe ni ule mlango wa kioo na viti viwili vya nje. Kwa mlango huo alilipa nyongeza ya kueleweka, na hakujuta. Kila asubuhi nilikwenda kwake kunywa chai na kutazama maji.

Hapo ndipo taaluma yangu ilipoanza kunisumbua. Kampuni yenyewe inasema meli ina aina 28 za malazi. Kuna chumba kama changu, kuna chenye dirisha la kutazama bustani iliyo katikati ya meli, kuna cha roshani, na juu kabisa kuna nyumba ya ghorofa tatu ndani ya meli, yenye mteremko wa kuteleza watoto kutoka ghorofa hadi ghorofa. Ilipozinduliwa, vyombo vya habari viliandika kuwa nyumba hiyo iliuzwa kwa zaidi ya dola 75,000 kwa wiki. Wote tunakwenda kwa injini zile zile, tunafika bandari ile ile saa ile ile, na mabwawa mengi tunaogelea pamoja.

Mkulima wa kahawa wa Moshi au Mbinga anaufahamu mchezo huu. Punje zimetoka mti mmoja, lakini AA ina bei yake, B ina yake, na C ina yake. Anayeumia ni mkulima wa vitunguu au viazi ambaye huchanganya vikubwa na vidogo katika gunia moja la lumbesa, kisha mnunuzi akayapangia madaraja mwenyewe huko sokoni, na faida ya kupanga ikabaki kwake.

Kadi badala ya pochi

Nje ya chumba, starehe ni nyingi hata nashindwa pa kuanzia. Kuna mabwawa saba ya kuogelea na miteremko sita ya maji ambayo shemeji yangu, mtu mzima mwenye kitambi, aliteremka akipiga kelele kama mtoto. Kuna uwanja wa barafu wa kuteleza, na ukumbi wenye maporomoko ya maji ya urefu wa ghorofa tano hivi ambapo wanasarakasi huruka usiku. Kilichonivuta mimi ni ile bustani ya katikati, yenye maelfu ya mimea hai. Nilikaa pale jioni tatu nikiangalia majani kama bwana shamba aliyetumwa kukagua. Sikuona ugonjwa hata mmoja.

Lakini tazama jinsi unavyolipa. Unapopanda unapewa kadi moja. Kadi hiyo inafungua mlango wa chumba, na ndiyo hiyo hiyo inayolipia soda, kinyozi, kusugua mwili, picha, intaneti na chakula cha migahawa maalumu. Milo ya kawaida na burudani nyingi zimo ndani ya nauli, na ni za kushibisha kweli. Vingine vinaandikwa. Bakshishi ya wahudumu nayo inaandikwa, zaidi ya dola 18 kwa kila mtu kwa siku, isipokuwa uwe umelipa mapema au umeomba ibadilishwe. Fedha taslimu haina kazi. Siku ya tatu nilimuuliza dada kama ana dola tano za kununulia kitu bandarini, akapekua mkoba, hana hata moja.

Si bahati nasibu. Katika hesabu za mwaka 2023, kundi la kampuni linalomiliki meli hii lilipata mapato ya dola bilioni 13.9. Kati ya hizo, nauli zilikuwa kama bilioni 9.6, na zilizobaki, kama bilioni 4.3, ni matumizi ya ndani ya meli na mengineyo. Yaani katika kila dola kumi, tatu hupatikana baada ya abiria kukata tiketi. Chumba ni mlango tu wa duka.

Upande wa chakula nilifanya hesabu yangu mwenyewe. Chukua abiria 5,610, ongeza wafanyakazi 2,350, kila mmoja ale mara tatu kwa siku saba. Ni zaidi ya sahani 167,000 kwa safari moja, bila kuhesabu wale tunaokwenda kuongeza saa nne usiku. Siku ya kuondoka niliyaona malori ya vyakula gatini Miami. Kampuni inaeleza kuwa mabaki ya chakula huchomwa kwa mtambo maalumu yakatoa gesi ya nishati na mkaa laini ambao unaweza kurutubisha udongo. Hilo la mkaa nimeliandika pembeni, nitalifuatilia siku nyingine.

Kisiwa kilichoacha miwa

Tulitia nanga Basseterre, mji mkuu wa St. Kitts na Nevis. Wakazi wa visiwa vyote viwili hawafiki 60,000, kwa hiyo meli moja kama yetu ikifika ni kama umepeleka tarafa nzima kutembelea kijiji. Kisiwa hiki kiliishi kwa sukari zaidi ya miaka 300, tangu enzi za watumwa kutoka Afrika. Mwaka 2005 serikali ilifunga kiwanda kwa sababu ya hasara. Reli nyembamba iliyojengwa kati ya 1912 na 1926 kubeba miwa ikageuzwa kubeba watalii, na ukipita barabarani bado unaona majani ya miwa yaliyojiotea yenyewe, hayana mwenyewe.

Dereva wa teksi aliyetuzungusha aliwahi kukata miwa akiwa kijana. Alitueleza kuwa hana hamu ya kurudi kwenye panga, lakini akaongeza kuwa miwa haikuwa ikigeuza njia kwa sababu ya upepo mbaya, na meli hugeuza. Meli isipokuja, siku hiyo hana abiria.

Nilirudi gatini mapema ili niangalie wachuuzi. Wenye maduka ya vito walikuwa ndani ya viyoyozi vyao. Nje kulikuwa na mwuza juisi na vitafunio, ambaye katika nusu saa alipata wateja wawili. Abiria walimpita kama walivyoyapita masufuria yetu Unguja. Hawakuwa na dharau. Walikuwa wameshiba tangu asubuhi, na mlo wa saa saba ulikuwa ukiwasubiri ndani, tena walishaulipia. Nani alipie chakula mara mbili?

Hatua kumi kutoka kwake alikaa mama mmoja na meza ndogo. Alikuwa na vichupa vya mchuzi wa pilipili vilivyofungwa kwa lakiri, na visukari vya nazi ndani ya karatasi angavu, vyote vya kuingia kwenye mfuko wa shati. Kila kimoja kina jina la kisiwa kwa herufi kubwa. Bei ilikuwa moja, imeandikwa. Na kando ya meza alikuwa na kijimashine cha kupokea malipo ya kadi. Dada yangu asiye na dola hata moja alinunua vichupa sita.

Siku nyingine tulishushwa CocoCay, kisiwa kidogo cha Bahama ambacho kampuni yenyewe imekifanya bustani yake ya starehe. Fukwe nzuri, chakula bure, na kadi ni ile ile ya meli. Hapo hata ukishuka nchi kavu hujatoka dukani. Kwa mwenye kampuni ni busara kubwa, na kwa sisi tunaongoja gatini ni habari ya kuangalia sana, kwa sababu siku moja katika ratiba inakwenda kwa ufukwe wa kampuni badala ya bandari ya watu.

Jambo la mwisho nililoliona ni tangazo la siku ya kushuka Miami. Matunda, mbegu, miche na mimea mibichi haviruhusiwi kuingizwa hivi hivi, na ni lazima useme ulichobeba. Abiria anayelijua tangazo hilo hawezi kununua shokishoki wala mche wa mdalasini kwako, hata akipenda. Mdalasini mkavu uliofungwa vizuri ana nafasi nzuri ya kufika nao nyumbani.

Niliporudi nilimpigia simu mwenyekiti wa kikundi. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha nikamsimulia tangu chumba cha giza hadi vichupa vya pilipili. Alisikiliza bila kunikatiza. Deni la mchele, alisema, walikuwa wamelimaliza Ramadhani iliyotangulia.

Tulikubaliana wajaribu vifuko vya gramu ishirini: mdalasini, iliki na pilipili manga, vikiwa na jina la kijiji na bei moja. Wataanza na vifuko mia mbili tu, visivyouzika havitaoza. Mwanawe anayefanya kazi dukani mjini ataulizia masharti ya mashine ya kadi na makato yake, maana makato nayo yanaweza kumeza faida ya kifuko kidogo. Hilo bado hatujalipatia jibu.

“Na pilau?” nikamuuliza.

“Pilau tutapika ya kula sisi,” alijibu. Kisha akaniambia meli ya kwanza ya msimu ikija niwepo, nisimame mezani mwenyewe niuze. Nikamwambia nitakuja. Akasema vizuri, ila safari hii nijilipie nauli ya boti.