Faili ya basari iko salama kwenye seva ya ofisi?

Mkazi wa Maraka au Ndivisi anapojaza fomu ya basari ya mtoto wake, huacha ofisini mengi kumhusu: nambari ya kitambulisho, ya simu, mapato ya nyumbani, na pengine barua inayothibitisha kwamba mtoto ni yatima. Zamani fomu hizo zilifungiwa kabatini. Siku hizi, hata Webuye, mji uliokua na kiwanda cha karatasi cha Panpaper, habari za aina hiyo zinazidi kuhamia kwenye kompyuta. Faili huwekwa kwenye kompyuta moja kuu, yaani seva, na maafisa huzifungua kupitia mtandao wa ofisi, kila mmoja akiwa mezani pake.

Wengi hudhani nenosiri linatosha. Nenosiri humtambua tu anayeingia. Akishaingia, anaweza kufika wapi?

Seva hupata faili kwa kufuata njia inayotaja folda moja baada ya nyingine, kwa mfano basari/2024/maraka. Katika njia hiyo, nukta mbili zilizoandamana (..) humaanisha "rudi folda moja nyuma". Ni kanuni ya zamani na ina matumizi yake halali. Lakini mwanafunzi wa mafunzo ya nyanjani aliyeruhusiwa folda ya basari pekee akiandika basari/../mishahara, seva isiyo makini itarudi nyuma na kumfungulia mishahara. Ni sawa na karani wa masjala anayepewa kikaratasi kisemacho "nenda kabati la basari, toka, ingia chumba cha pili", naye akatii bila kuinua macho.

Kukataa nukta hizo peke yake hakutoshi. Oktoba 2021, toleo 2.4.49 la Apache, programu ya seva za tovuti inayotumika kote duniani, lilipatikana na pengo: nukta zikiandikwa kwa msimbo mwingine, ukaguzi haukuzitambua. Toleo lililofuata halikuziba pengo lote, na siku chache baadaye likatolewa jingine, 2.4.51.

Kwa seva za faili za ofisini, mfano wa karibu zaidi ni Samba, programu ya bure inayowezesha kompyuta za Windows kutumia faili zilizo kwenye seva ya Linux. Hiyo ilirekebishwa Machi 2017, na tatizo lake lilikuwa gumu zaidi. Ndani ya folda kunaweza kuwekwa kiungo, yaani kielekezi kinachosema "faili yenyewe iko kule". Samba ilikagua kwanza kama njia inabaki ndani ya eneo lililoruhusiwa, kisha ikafungua. Katika muda huo mfupi mno kati ya kukagua na kufungua, mtu mwenye ruhusa ya kuandika humo angeweza kuondoa folda ya kawaida na kuweka kiungo kinachoelekea nje.

Dawa ni seva kufungua folda ya kwanza na kuishikilia, kisha kutafuta inayofuata kutoka ndani ya hiyo hiyo, na kukataa papo hapo chochote kinachotoka nje. Linux 5.6, ya mwaka 2020, iliongeza amri inayofanya hivyo kwa mkupuo mmoja.

Ofisi haihitaji kuandika programu hizo. Inahitaji kuzisasisha bila kuchelewa, kutenga mishahara mbali na basari, kumpa kila afisa akaunti yake, na kufunga akaunti ya anayeondoka siku hiyo hiyo. Hili la mwisho ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo rahisi kusahaulika.

Mkazi naye ana haki. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kujua habari zake zinatumiwaje, na inaitaka ofisi kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ijue kwamba habari zimefikiwa na asiyeruhusiwa na huenda mwenyewe akadhurika. Asiyeridhika anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Kamishna huyo. Na anaporudisha fomu dirishani, anaweza kuuliza ni maafisa gani wanaoweza kuifungua.