Fedha Zinazopita Mkononi: Kutoka Mshahara wa Ofisi hadi Usimamizi wa Nyumba za Kupangisha Kebirigo

Katika Kenya ya leo, mwajiriwa anayeacha kazi ya ofisi, ama kwa kustaafu, ama kwa kupunguzwa, ama kwa hiari yake, mara nyingi hushauriwa arudi nyumbani akajenge vyumba vya kupangisha, na ni wachache wanaomweleza kwamba ipo kazi nyingine, jirani ya hiyo, isiyodai kipande cha ardhi wala mifuko ya saruji, nayo ni kusimamia vyumba ambavyo wengine wamekwisha kuvijenga. Msimamizi wa nyumba za kupangisha ni wakala: hutafuta wapangaji, hukusanya kodi, husimamia matengenezo, hulinda haki za pande zote mbili, kisha humtolea mwenye nyumba hesabu kila mwezi na kubaki na sehemu ndogo ya makusanyo iitwayo kamisheni. Katika makala haya neno kodi litatumika kwa malipo ya mpangaji peke yake, na neno ushuru kwa malipo yanayokwenda serikalini, kwa kuwa kuyachanganya maneno hayo mawili ni chanzo cha makosa mengi ya hesabu.

Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba mtaji mkuu wa anayetoka ofisini si akiba yake bali ni mazoea yake ya kuandika kila kitu, na kwamba hatari kuu inayomngoja si uhaba wa wateja bali ni mazoea mengine aliyotoka nayo huko huko, yaani kuhesabu kila shilingi inayoingia mkononi mwake kuwa ni yake.

Mazingira ya Kebirigo

Kebirigo ni soko la Mugirango Magharibi, katika Kaunti ya Nyamira, linalojulikana zaidi kwa kiwanda cha majani chai kilicho chini ya shirika la chai la KTDA na kwa shule ya upili ya wavulana yenye jina hilo hilo. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia kaunti nzima watu 605,576, wastani wa zaidi ya watu 650 kwa kila kilomita mraba, na msongamano huo, ukiunganishwa na desturi ya kugawia wana wote shamba la baba, umefanya mashamba ya familia nyingi yawe vipande visivyotosha kulisha kizazi kinachofuata. Kwa sababu hiyo Abagusii wengi, wenyeji wa kaunti hiyo, wametafuta riziki mbali, Nairobi na miji mingine ya Kenya, na hata katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, na wengi wao wamerudisha sehemu ya mapato yao nyumbani kwa kujenga.

Majengo wanayoyajenga yana umbo linalofahamika katika masoko ya Kenya: maduka mbele yakitazama barabara, vyumba vya kuishi nyuma vikizunguka ua wenye mfereji, na jengo zima likiitwa ploti. Wapangaji wa vyumba hivyo ni walimu waliohamishwa na Tume ya Kuajiri Walimu, wafanyakazi wa viwanda vya chai, wahudumu wa afya, wafanyabiashara wa soko, pamoja na watumishi walioongezeka tangu serikali ya kaunti ilipoanza kazi mwaka 2013. Malipo yao hayaji kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa mwalimu hulipwa mwisho wa mwezi, mwenye duka hutegemea siku za soko, na anayeishi kwa pesa za majani chai hupata malipo ya kila mwezi na kungojea bonasi ya mwaka, ambayo kwa kawaida hulipwa karibu na mwezi wa Oktoba. Msimamizi anayeijua kalenda hiyo hupanga tarehe za kukusanya kodi kulingana nayo, ilhali asiyeijua humwita mkaidi mtu ambaye bado hajalipwa.

Mwenye ploti asiyeishi hapo kwa kawaida humkabidhi ndugu yake kazi ya kukusanya kodi, na hapo ndipo matatizo huanza, si kwa sababu ndugu ni mwizi, bali kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Mama akiugua, kodi ya mwezi hulipa hospitali; mtoto akiitwa shule ya upili, kodi hununua sanduku na godoro; na mwenye nyumba akiuliza, jibu analopewa ni la kweli ingawa si hesabu. Utamaduni wa Abagusii unazo taratibu imara za kutegemeana, mojawapo ikiwa risaga, yaani majirani kusaidiana kazi za shamba kwa zamu, na kumbukumbu ya zamu hizo hutunzwa vichwani mwa watu wanaoonana kila siku. Kumbukumbu ya namna hiyo hudumu mahali ambapo wote wanaonana, lakini haiwezi kumfikia aliyeko ng'ambo, na pengo hilo ndilo ambalo msimamizi wa kitaalamu huliziba.

Hesabu ya ploti moja

Ili kazi yenyewe ionekane kwa karibu, ichukuliwe mfano wa ploti yenye vyumba 10 ambavyo kila kimoja hupangishwa kwa Sh3,000 kwa mwezi. Jengo likijaa, kodi yote ni Sh30,000. Mwezi huu chumba kimoja ki wazi na mpangaji mmoja amelipa nusu, kwa hiyo kilichokusanywa ni Sh25,500. Kamisheni, ambayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 5 na 10, ikikubaliwa kuwa asilimia 8 ya kilichokusanywa, ni Sh2,040. Ushuru wa mapato ya kodi ni asilimia 7.5, yaani Sh1,912.50. Mtunza ploti, anayefagia ua na kufunga lango usiku, hulipwa Sh3,000, tokeni za taa za nje ni Sh600, na fundi aliyerudisha mfereji wa bati uliong'oka amelipwa Sh1,800. Mwenye nyumba hutumiwa Sh16,147.50 pamoja na karatasi inayoonyesha kila mstari wa hesabu hiyo, chumba kwa chumba.

Katika fedha zote hizo zilizopita mkononi mwa msimamizi, zilizo zake ni Sh2,040 tu. Aliyekuwa akipokea mshahara wa Sh60,000 angehitaji ploti zipatazo 30 za namna hiyo, yaani vyumba karibu 300, ili kuufikia mshahara ule, na hapo bado hajalipa kodi ya ofisi, nauli, simu wala msaidizi. Ni dhahiri kwamba soko moja kama Kebirigo halitoshi, na kwamba biashara ya kumlisha mtu ni sharti ienee hadi mji wa Nyamira, Konate, Keroka, Nyansiongo na hata Kisii.

Hesabu hiyo inapaswa kuwekwa kando ya nyingine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, humtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi awalipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika kazini, na kwa hiyo aliyetumikia miaka 12 hupata, kwa kiwango hicho cha chini, mshahara wa siku 180. Ploti 30 hazipatikani kwa miezi sita. Imani ya wenye nyumba hupanda ngazi polepole, ploti ya kwanza ikiwa ya jamaa, ya pili ya rafiki wa jamaa, na ya tatu ya mtu aliyesikia habari za zile mbili. Ni busara basi kuanza na ploti chache kabla mshahara haujakatika, iwapo mkataba wa ajira unaruhusu, na kuyatenga malipo ya kuachishwa kazi yawe chakula cha kipindi cha kungoja badala ya kuyamaliza kwa samani za ofisi.

Sheria chini ya paa moja

Ploti ya soko ina jambo linalowashangaza wengi, nalo ni kwamba maduka ya mbele na vyumba vya nyuma huongozwa na sheria tofauti. Duka huangukia Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, sheria ya maduka, hoteli na mikahawa, inayomlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Mpangaji huyo hawezi kuondolewa wala kupandishiwa kodi bila notisi ya angalau miezi miwili katika fomu maalumu, na anayo haki ya kulipeleka pingamizi lake mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Chumba cha kuishi ambacho kodi yake ya kisheria haizidi Sh2,500 kwa mwezi hulindwa na Sura ya 296, sheria ya udhibiti wa kodi, na kiwango hicho, ambacho Nairobi kinaonekana kidogo mno, katika masoko ya mashambani bado kinaweza kugusa vyumba halisi vyenye watu ndani. Kung'oa mlango au kuezua bati ili kumtoa mdaiwa si njia ya kisheria katika nyumba yoyote, na msimamizi anayeagizwa kufanya hivyo anapaswa kukataa, hata kama aliyeagiza ni mteja wake mkubwa.

Kuhusu ushuru, mwenye nyumba mkaazi wa Kenya ambaye kodi zake ni kati ya Sh288,000 na Sh15,000,000 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote kabla ya kutoa gharama, kiwango kilichoteremshwa kutoka asilimia 10 kuanzia Januari 2024, na hulipa kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ushuru huo ni wa mwenye nyumba, lakini msimamizi anayeutenga katika hesabu ya mwezi, kumkumbusha tarehe na kumtunzia stakabadhi humwondolea mzigo ambao ndugu yake hakuwahi kuuona.

Msimamizi mwenyewe pia ana sheria yake. Sura ya 533 inahusu uwakala wa nyumba na mashamba, ukiwemo ule wa upangishaji na usimamizi, na hukataza mtu kujiita wakala wa kazi hizo bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala, ambayo huangalia sifa za kitaaluma za mwombaji. Mhasibu au ofisa wa mauzo aliyetoka ofisini hapati sifa hizo kwa kubadili kadi ya biashara, na njia ya haki iliyo mbele yake ni kusoma na kutimiza masharti, au kufanya kazi chini ya wakala aliyesajiliwa.

Amana

Kila mpangaji anayeingia hulipa, pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, kiasi cha dhamana kiitwacho amana, ambacho kwa kawaida hulingana na kodi ya mwezi mmoja na hurudishwa anapohama baada ya kutolewa gharama za uharibifu. Msimamizi akikubaliana na wenye nyumba kwamba yeye ndiye atakayezitunza, vyumba 300 vya mfano ule vitamwekea mikononi Sh900,000, sawa na mshahara wake wa zamani wa miezi 15. Fedha hizo hukaa kimya mwezi baada ya mwezi bila kuulizwa na mtu, na hakuna jaribu lililo kubwa zaidi katika kazi hii. Kwa aliyezoea kwamba kinachoingia benki ni jasho lake, kuazima kidogo kwa karo na kukirudisha baadaye huonekana si kosa, ilhali ndiko kuvunja kitu pekee anachokiuza.

Kinga yake ni nyepesi kuieleza ingawa ni ngumu kuishika: akaunti ya wateja iwe mbali na akaunti ya biashara, na zote mbili ziwe mbali na simu ya mtu binafsi, kodi ilipwe kwa nambari ya malipo ya M-Pesa inayoandika jina na chumba, amana ziwe na daftari lake, na kamisheni ihamishwe siku moja maalumu kila mwezi, kwa kiasi kilichokwisha kuandikwa. Haya ndiyo mazoea ambayo mtu wa ofisi alikuwa akiyafanya kila siku kwa ajili ya mwajiri wake, na ndiyo anayopaswa kuyabeba anapoondoka, hata akiacha kila kitu kingine.

Mtihani wake hufika mwezi wa Desemba, waliotawanyika wanaporudi nyumbani kwa sikukuu na mwenye ploti anapoingia uani bila taarifa, akavihesabu vyumba vyake kwa macho, kisha akauliza amana za wapangaji wake ziko wapi. Msimamizi anayeweza kufungua daftari pale pale uani na kuonyesha salio la benki linalolingana nalo hadi shilingi ya mwisho hana haja ya kujitangaza mwaka unaofuata, kwa sababu ugeni wa Desemba una mazungumzo marefu, na mwenye ploti huyo ana majirani ambao nao wamejenga.