Pesa ya Kenya Isiyo na Sura ya Mtu

Mtanzania akibadilisha hela zake pale Westlands, magharibi mwa Nairobi, anatoa bulungutu na kupewa vinoti vichache, kwani shilingi moja ya Kenya ni karibu 20 za kwetu. Noti yao kubwa ni ya 1,000, na inaizidi thamani noti yetu ya 10,000 takriban mara mbili.

Itazame noti hiyo kwa makini. Mbele lipo jengo la mikutano la KICC, nyuma Bunge. Aliyezoea kumwona Mwalimu Nyerere kwenye noti yetu ya buku atatafuta kiongozi, asimpate. Zamani walikuwepo. Benki Kuu ya Kenya ilipotoa noti zake za kwanza mwaka 1966, ziliziondoa sokoni shilingi za pamoja za Afrika Mashariki zikiwa na picha ya Jomo Kenyatta. Moi akafuata, na mwaka 2003 Kibaki akawekwa kwenye sarafu ya shilingi 40, kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Katiba ya 2010, ibara ya 231, ndiyo iliyopiga marufuku picha ya mtu yeyote. Uamuzi huo naupenda: fedha ni ya wananchi wote, na anayeingia Ikulu hana sababu ya kuingia pia katika kila mfuko.

Sarafu mpya zilitoka Desemba 2018: twiga kwenye shilingi 1, kifaru 5, simba 10, ndovu 20. Noti zikafuata Juni 2019. Hapo mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani, kwa kuwa kando ya KICC kwenye noti inaonekana sanamu ya Mzee Kenyatta. Alishindwa, ingawa kwangu hoja yake ilikuwa nzito. Sanamu ya mtu ni sura yake. Noti za zamani za 1,000 zilikoma kutumika mwisho wa Septemba mwaka huo, na zaidi ya milioni 7 hazikurudishwa benki. Wenyewe walibaki na makaratasi.

Hata hivyo, pale Westlands pesa taslimu huioni sana. Makao makuu ya Safaricom, iliyoanzisha malipo ya simu ya M-Pesa mwaka 2007, yako Barabara ya Waiyaki, na hata muuza ndizi wa kando ya barabara amebandika namba yake ya malipo kwenye kigari. Noti bado zina kazi kwenye matatu. Konda anaita "finje", yaani 50. Ukimpa ya 1,000 asubuhi atakuambia usubiri chenji mpaka abiria wengine walipe.