Mkopo wa Biashara Ndogo: Mkataba Usomwe Kabla ya Sahihi



Kamati za parokia zinazolea vikundi vya akiba na mikopo hutuuliza swali moja kwa namna nyingi: mwanakikundi akikopa nje ya kikundi, biashara ikayumba na akatishiwa kunyang'anywa nyumba, je, sheria inamlinda? Inamlinda kuliko wengi wanavyodhani. Hata hivyo, ulinzi huo unategemea sana karatasi aliyoitia sahihi. Hapa tunaeleza hali ilivyo Tanzania.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwemo watu binafsi, SACCOS, na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Mkopeshaji wa daraja la pili hana budi kuwa na leseni, na Benki Kuu iliwawekea wa daraja hilo ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa hiyo wale wa "kausha damu", wanaodai asilimia 20 kwa mwezi, wako nje ya utaratibu hata kama mkopaji alikubali kwa hiari. (Kamati nazo zijiangalie: vikundi vya daraja la nne pia vinatakiwa kusajiliwa, na vingi vimelisahau jambo hilo.)

Riba yenyewe huficha mengi. Tuseme mama anayeuza vitenge amekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na kila mwezi anarejesha shilingi 100,000 za mkopo pamoja na riba. Ikiwa riba inahesabiwa kwenye mkopo wote wa awali, atalipa riba ya shilingi 36,000 kila mwezi, jumla 432,000. Ikiwa inahesabiwa kwenye salio linalopungua, jumla ya riba ni 234,000. Asilimia ni ile ile, lakini tofauti ni shilingi 198,000. Mkopaji aulize jumla ya fedha atakazolipa hadi mwisho, na jibu liandikwe ndani ya mkataba.

Hatari kubwa zaidi ni mkopaji kupewa karatasi ya mauziano badala ya mkataba wa mkopo. Anaambiwa ni utaratibu tu, naye anatia sahihi kwamba ameuza kiwanja au nyumba yake. Akichelewesha rejesho, mkopeshaji anajitokeza kama mnunuzi. Mahakamani kazi inakuwa ngumu, kwa sababu Sheria ya Ushahidi kwa kawaida hairuhusu maneno ya mdomo kupingana na mkataba wa maandishi, isipokuwa panapothibitishwa udanganyifu, vitisho na mambo ya namna hiyo. Sheria ya Mikataba nayo inatambua kwamba mwenye nguvu anaweza kutumia shida ya mwenzake kujipatia faida isiyo ya haki, na mkataba wa aina hiyo unaweza kutenguliwa. Lakini lazima pawe na ushahidi, na mara nyingi shahidi pekee ni mkopaji mwenyewe.

Nyumba inapowekwa rehani kihalali, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2008, inatoa kinga kadhaa. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, na mkopeshaji anapaswa kuchukua hatua za kuridhisha kujua kama mwombaji ana mke au mume. Mkopaji akishindwa kulipa, apewe notisi ya maandishi ya siku 60 kabla ya nyumba kuuzwa. Bei nayo ina mizani yake: nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya soko, mkopeshaji huchukuliwa kuwa amekiuka wajibu wake, hadi athibitishe vinginevyo. Ifahamike pia kwamba sheria humlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Kwa hiyo zuio la mahakama liombwe ndani ya zile siku 60, maana baada ya mnada familia huwa imechelewa.

Wakopeshaji wakubwa nao hushtakiwa na kushindwa. Nchini Kenya, mwezi Juni 2024, Mahakama ya Juu iliamua katika shauri la Benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels kwamba benki za huko haziwezi kupandisha viwango vya riba bila idhini ya Waziri wa Fedha. Mkopo uliozua ubishi huo ulikuwa wa miaka ya 1990. Kampuni inaweza kuvumilia kesi ya muda huo wote. Muuza vitenge hawezi.

Kwa sababu hiyo tunashauri kila kamati iteue watu wawili wanaojua kusoma mikataba, ili mwanakikundi awaone kabla hajatia sahihi. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuwaendea wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Aende na nakala ya mkataba, stakabadhi zote za marejesho, jumbe za malipo ya simu, na jina la kila aliyeshuhudia fedha zikitolewa.